Benchi la Wasio na Waume

Jina la Kiherehere alipewa na bibi yake, na wala hakuonewa. Tangu hajamaliza kuota meno alikuwa mtu wa kufika kabla ya kuitwa. Jirani akiteleza bafuni, yeye ndiye wa kwanza kupiga kelele. Mgeni akibisha hodi, yeye ameshamkaribisha, ameshamkalisha, na ameshamwambia mama yuko chooni. "Huyu," bibi alikuwa akisema huku akicheka hadi machozi, "hata Izraili akija, atamfungulia mlango na kumuuliza amemfuata nani."

Kwa hiyo alipopata nafasi katika chuo cha afya hakuna aliyeshangaa. Mwaka wa kwanza ulipokwisha na chuo kikafungwa kwa likizo ndefu, wenzake walirudi makwao kulala. Yeye alikaa nyumbani siku mbili tatu, akaosha vyombo vilivyokwisha oshwa, akamgombeza kuku wa jirani, mwisho mama yake akamwambia, "Mwanangu, katafute kazi ya kufanya kabla hatujakosana." Ndipo akaenda zahanati ya mtaani kwao kuomba kujitolea.

Zahanati yenyewe ilikuwa jengo refu la bati, kuta zake zimepakwa kijani mpaka kiunoni na juu rangi nyeupe iliyokwisha kuwa ya chai. Mlango wa chumba cha sindano haukufunga vizuri, ukawa unazuiwa kwa tofali. Aliyeitawala ni Sista Mkuu, mama wa makamo mwenye viatu vyeupe visivyojua vumbi na sauti iliyosikika mpaka barabarani. Alimtazama Kiherehere kutoka juu hadi chini, akampa aproni ya bluu, akasema, "Unaweza kupanga watu?"

"Naweza, Sista."

"Basi wewe utakuwa wa mabenchi."

Kazi ya mabenchi ilikuwa hivi. Kliniki ya wajawazito pale ilikuwa na sheria yake: mjamzito anayekuja mara ya kwanza aje na mume. Aliyekuja na mume anakaa benchi la ndani, chini ya paa, karibu na mlango wa Sista, na anahudumiwa kwanza. Aliyekuja peke yake anakaa benchi la nje, kando ya tangi la maji, ambako kivuli hufika asubuhi kidogo kisha kinaenda zake. Huyo anasubiri wenye waume waishe. Wakiisha na muda ukawa bado upo, anaulizwa mume yuko wapi. Akikosa jibu la kueleweka hafunguliwi kadi, na asiye na kadi hapimwi, maana majibu yataandikwa wapi? Kama hana mume kabisa, alete barua ya mwenyekiti wa mtaa inayothibitisha kwamba hana.

Kama hujakasirika, rudi usome tena. Mtu apigiwe muhuri kwamba hana mume, ndipo mtoto aliye tumboni mwake asikilizwe mapigo ya moyo.

Hata hivyo tumpe Sista Mkuu haki yake, maana sheria ile hakuianzisha kwa ubaya. Miaka mingi aliona wanaume wakileta maradhi nyumbani na kuwaachia wake zao kuja kuyasikia peke yao, kisha mke akirudi na majibu ndiye anayepigwa kwa kuyaleta. Akachoka. Siku moja alisimama mlangoni akashika kiuno: "Mimba mnatia wawili, kliniki anakuja mmoja? Kesho sitaki kuona mwanamke peke yake hapa!" Na kweli wanaume wakaja, vichwa chini, wakapimwa, wakafundishwa. Ilikuwa sheria nzuri ikiwa changa. Lakini wakubwa wa afya wakapata habari, wakasifu, wakabandika chati ukutani ya kuonyesha wanaume wangapi wameletwa kila mwezi, wakaahidi na kikombe kwa zahanati itakayoshinda. Hapo sheria ikaota pembe. Sista akaacha kuangalia matumbo, akawa anaangalia chati.

Na watu nao si wajinga. Ukimwekea mtu ukuta, atatafuta ngazi. Ngazi ya mtaa ule ilikuwa dereva mmoja wa pikipiki ya abiria aliyeegesha pale nje ya geti, kijana mpole mwenye meno mazuri. Alianza kwa kumsindikiza mke wa binamu yake ambaye mumewe alikuwa safarini. Akakaa, akaitikia "ndiyo, Sista" mahali panapostahili, akapimwa, kadi ikafunguliwa. Wiki iliyofuata mwingine akamwomba, na mwingine, kila mmoja akimpa cha kujazia mafuta. Mwisho akawa na kofia za kubadilisha na miwani ya jua, na mtaa mzima ukamwita Shemeji. Alitobolewa kidole mara nyingi hata akawa anasema kikitiwa maji kitavuja. Damu yake safi ikaandikwa kwenye kadi za wake za watu, na waume wenyewe, ambao Sista aliwatafuta kwa moto wote ule, wakabaki huko huko waliko bila kupimwa hata tone.

Kiherehere alijua, na alicheka kama wote. Asubuhi alisimama getini na aproni yake imepigwa pasi, anawagawa watu kama mpishi anayechambua mchele: huyu ndani, huyu nje. "Mama, una baba? Pita ndani. Wewe dada? Peke yako? Kaa pale kwenye tangi." Shemeji akipita na mke mpya, walikonyezana. Nyumbani alisimulia kwa mbwembwe, mama yake akacheka, bibi peke yake ndiye aliyeuliza, "Na wasio na cha kumpa huyo Shemeji?" Kiherehere akajibu kwamba hao huwa wanarudi kesho.

Nyumba yao ilipakana ukuta kwa ukuta na fundi cherehani mmoja, mwanamke kijana ambaye wote walimwita Fundi. Mumewe alikuwa mpaka rangi wa majengo. Mimba ya mkewe ilipokuwa bado haijaonekana, na wao wawili wameshaanza kubishana kuhusu jina la mtoto, alianguka kutoka jukwaa la mbao kwenye ghorofa alilokuwa akipaka, akafa hapo hapo. Msiba ukamfungia Fundi ndani. Alipopata nguvu za kutoka, tumbo lilikuwa limeshatangulia mbele.

Siku ya kwanza alipofika kliniki, Sista Mkuu alimuuliza bila kuinua kichwa, "Mume yuko wapi?"

"Amefariki, Sista."

"Pole. Barua?"

"Barua ya nini?"

"Ya mwenyekiti. Hapa kila mume asiyetaka kuja husemwa amefariki. Juzi tu nimemwona marehemu mmoja anakunywa chai pale kona."

Benchi zima likacheka. Fundi hakucheka. Alisimama pale na tumbo lake, akawatazama wanawake wenzake mmoja mmoja kama anayetafuta aliyemjua, kisha akatoka kwenda kumtafuta mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa amesafiri kwa watoto wake, na muhuri nao umesafiri mfukoni mwake. Fundi akarudi kliniki mara ya pili kueleza hivyo, akaambiwa amngoje.

Jioni ile Kiherehere akapenya kwa jirani yake na ufumbuzi wake tayari. Cherehani ilikuwa inalia, Fundi anashona sare za shule.

"Dada, mambo mengine ni ya kuzungukwa tu," akasema. "Shemeji yupo. Atakaa kidogo, ataitikia, utafunguliwa kadi, kwisha kazi. Nitamwambia wewe asikudai chochote."

Fundi akaacha kukanyaga. "Akae pale aitwe baba wa mtoto wangu?"

"Ni kwa pale tu, dada. Wote wanafanya."

"Wote waume zao wako hai, mdogo wangu. Wakitoka pale wanarudi nyumbani wanacheka nao. Mimi nikitoka pale narudi kwenye shati lililotundikwa nyuma ya mlango, lina rangi mpaka kwenye kola. Baba wa huyu alikufa kazini. Hakukimbia. Sikodi mtu wa kuja kumfuta."

"Lakini dada, kliniki—"

"Sikodi."

Kiherehere akarudi nyumbani amenuna. Aliona Fundi anajitia ugumu wa bure. Alikuwa na miaka ishirini, hajazika mtu, na alidhani heshima ni kitu cha kuwekwa kando foleni ikiwa ndefu.

Mara ya tatu Fundi alikuja asubuhi, anatembea taratibu, amevaa kandambili za marehemu mumewe kwa sababu zake zilikuwa hazimwingii tena. Uso umejaa. Macho yamebana.

"Dada, umevimba," Kiherehere akasema pale getini.

"Nimechoka tu. Na kichwa kinagonga tangu juzi."

Kiherehere alijua. Hilo ndilo lililokuja kumnyima usingizi baadaye. Hakuhitaji kuwa daktari, kwani dalili hizo hizo alizifanyia mtihani chuoni: mjamzito, uvimbe wa uso, kichwa kisichoacha. Na kama angesahau, picha ilikuwa imebandikwa pale pale ukutani juu ya tangi, ina mwanamke aliyeshika kichwa na maandishi makubwa: UKIONA DALILI HIZI WAHI ZAHANATI. Wanawake waliowahi zahanati walikaa chini ya picha ile, juani, wakaisubiri zahanati iwaone.

Akamkalisha kwenye tangi. Mazoea yana nguvu, mkono ulinyooka wenyewe. Kisha roho ikamsuta, akaingia ndani.

"Sista, yule fundi kavimba na kichwa kinamuuma."

"Ana kadi?"

"Hana, ila—"

"Asubiri zamu."

"Nimpime presha tu, Sista, hata bila kuandika."

Sista Mkuu akavua miwani. "We mtoto. Hapa wewe ni wa mabenchi. Ukishahitimu utakuja kutufundisha kazi."

Kinamama wa ndani wakaguna. Shemeji, aliyekuwa amekaa kando ya mke wa siku hiyo, akainamia viatu vyake. Na Kiherehere, ambaye maisha yake yote hakuwahi kunyamazishwa na mtu, akanyamaza. Alitaka cheti cha kujitolea. Alitaka Sista amwandikie maneno mazuri chuoni. Akarudi getini.

Saa za kliniki zikaisha. Wa kwenye tangi wakaambiwa kesho. Fundi akainuka kwa kushika ukingo wa tangi, akajifunga mtandio vizuri, akaondoka bila kumlaumu mtu.

Alasiri Kiherehere alikuwa uani akifua aproni yake aliposikia kitu kinamkera na asijue ni nini. Mwisho akatambua kwamba ni ukimya. Cherehani ya jirani haikuwa inalia. Akaacha maji yakimwagika, akaenda. Alimkuta Fundi amekaa mbele ya mashine, uzi mkononi, anaupeleka kwenye sindano, anaukosa, anaulamba, anaupeleka tena.

"Mdogo wangu, njoo unitungie," Fundi akasema kwa sauti nzito. "Sindano leo ina matundu mawili. Na kuna vitu vinametameta pembeni."

Kiherehere hakuutunga ule uzi. Alitoka mbio mpaka kwenye geti la zahanati, akamshika Shemeji kola. "Washa!"

"Wapi? Nani anataka mume?"

"Hakuna anayetaka mume! Leo kuwa dereva!"

Wakarudi naye nyumbani, wakambeba Fundi katikati yao, Shemeji mbele na Kiherehere nyuma amemkumbatia, pikipiki ikipita mashimoni taratibu kama imebeba mayai. Zahanati ilikuwa imebaki na wa kubadilishwa vidonda tu. Sista Mkuu alikuwa mezani anahesabu vijiti vya chati yake.

"Nimesema kesho," akasema.

Kiherehere akampita. Akachukua mashine ya presha juu ya meza.

"Weka hiyo chini."

"Siweki."

"Nimesema weka! Ana kadi huyo?"

"Ana mkono!" Kiherehere akapiga kelele, na sauti ile ikawashtua hata waliokuwa barabarani. "Mashine hii inavaa mkono, haivai kadi!"

Akaufunga ule mkono uliovimba, akabonyeza. Mashine ikanguruma, ikashuka, ikaonyesha. Aliisoma, akairudia kuisoma, kisha akaigeuza kumwelekea Sista.

Na hapa ndipo palipo na jambo la kuudhi kuliko yote. Sista Mkuu alipoiona namba ile akawa mtu mwingine. Miwani ikarudi, mikono ikaanza kukimbia. "Mlaze ubavu wa kushoto. Leta ile dawa ya kifafa cha mimba, kabati la juu. Mpigie simu dereva wa gari la wagonjwa. Wewe, mshike mguu." Akachoma sindano bila kutetemeka, akaning'iniza maji, akampangusa Fundi jasho, akamwita mama, akamwita mwanangu. Kumbe ile mikono ilikuwa inajua kila kitu. Ilikuwa inajua asubuhi, ilikuwa inajua wiki iliyopita, ilikuwa inajua siku ile benchi lilipocheka. Kujua huko ndiko kunakoudhi. Angekuwa mjinga tungemhurumia.

Kisha Sista akachukua kifaa kidogo cha mbao, mfano wa tarumbeta, cha kusikilizia moyo wa mtoto, akakiweka tumboni, akainama na sikio. Akakisogeza. Akakisogeza tena. Akakaa ameinama muda mrefu kuliko kawaida, na alipoinuka hakumtazama mtu.

Fundi alipona. Hospitali kubwa walimhangaikia mpaka presha ikashuka. Mtoto alitoka kamili, vidole vyote, nywele tele, hakulia. Alikuwa wa kiume. Ndugu walimzika kando ya baba yake.

Wiki ile Sista Mkuu aliwakusanya wahudumu wake. Akasoma maelezo atakayoyapeleka juu, na ndani yake mlikuwa na maneno haya: mama alichelewa kuhudhuria kliniki.

"Hakuchelewa," Kiherehere akasema.

"Umesemaje?"

"Alikuja. Akarudi. Akaja tena. Mimi ndiye niliyemkalisha kwenye tangi, kwa mkono wangu huu, chini ya picha inayosema awahi. Andika hivyo, Sista. Andika alikuja, tukamfukuza, maana hakuwa na mwanamume wa kutuonyesha."

Mtu wa dawa akajifanya anatafuta kalamu.

"Kiherehere chako kitakuponza," Sista akasema polepole. "Vua aproni. Na cheti usahau."

Akaivua. Akaiweka juu ya meza bila kuikunja. Getini alijikaza kisabuni, lakini alipofika nyumbani akajitupa miguuni kwa bibi yake akalia kwa kwikwi, akasema haendi tena chuo, hafai, mtu kama yeye hafai kushika hata bandeji.

"Bibi, mimi ndiye niliyemkalisha juani."

"Ulimkalisha," bibi akasema. Hakuwa mtu wa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. "Sasa inuka. Kulia ni kazi ya aliyefiwa, usimnyang'anye. Yeye yuko huko peke yake, maziwa yamemjaa kifuani na hakuna wa kunyonya. Hilo chuoni walikufundisha?"

Hawakumfundisha. Akajifunza upande wa pili wa ukuta. Alimkanda Fundi kifua kwa kitambaa cha maji baridi, akamkumbusha vidonge vya presha, akamfulia. Siku za mwanzo Fundi hakumsemesha, na Kiherehere, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akakaa na mtu asiyesema bila kujaza ukimya huo kwa maneno. Siku moja Fundi aligeukia ukutani akamwambia, "Siku ile asubuhi ulijua, siyo?" Kiherehere akasema ndiyo. Fundi akalia, na Kiherehere hakuondoka. Baada ya hapo wakawa wanazungumza.

Kisha ukuta kwa ukuta zikaja habari kwamba zahanati imeshinda kikombe. Zahanati ya kwanza kwa kuwashirikisha akina baba! Maturubai yakafungwa uwanjani, viti vya plastiki vikakodiwa, spika zikanguruma tangu asubuhi. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Kinamama wote wa kliniki wakaambiwa waje na waume zao.

"Nisindikize," Fundi akamwambia Kiherehere.

"Wapi, dada? Pale?"

"Pale. Nami nilikuwa mama wa kliniki."

Wakaenda. Viti vya chini ya turubai vilikuwa vya wenye waume. Hakuna aliyewaambia mahali pa kukaa, wala hawakuuliza. Walikwenda kwenye tangi, wakakaa na wengine waliokuwa wamekaa pale, wajawazito wa siku hiyo waliokuja peke yao wakakuta sherehe.

Mgeni rasmi alikuwa bwana mkubwa wa afya, mwenye suti na tumbo la mshahara. Alisifu sana. Alisema zahanati ile ni mfano wa kuigwa, akasema chati haisemi uongo. Sista Mkuu amekaa kando yake, viatu vyeupe, macho chini. Mwisho mgeni akainua kikombe, akasema, "Kabla sijakikabidhi, nataka kumwona baba mmoja wa mfano. Nani hapa ni baba aliyeshiriki kuliko wote?"

Kelele zikatoka nyuma kabisa kwa wahuni wa geti: "Shemeji! Shemeji!" Uwanja mzima ukadakia. Wakamsukuma mpaka mbele, kofia mkononi, jasho linamtiririka.

"Hongera sana, kijana," mgeni akasema, akimpa mkono. "Na mama yuko wapi? Mama asimame tumwone."

Kicheko kimoja kikamponyoka mtu. Mwanamke mmoja akasimama, mwenye mtoto mgongoni, labda kwa utani. Wa pili akasimama. Wa tatu aliinuka kando ya mume wake mwenyewe, naye mume akamvuta gauni akae, akakataa. Wakawa wanasimama huku na huku chini ya turubai, matumbo mbele, watoto migongoni, na kicheko kikazidi mpaka kikaanza kufa chenyewe, kwa sababu walikuwa wengi mno.

"Sielewi," mgeni rasmi akasema.

"Mheshimiwa," Shemeji akasema, akiiminya kofia yake, "hawa wote ni wake za watu. Mimi ni dereva tu. Walikuwa hawapimwi bila mume, basi nikawa nakaa nao. Samahani, Sista."

Hapo Fundi akasimama pale kwenye tangi. Alikuwa na gauni jeusi alilojishonea mwenyewe, limempwaya. Hakuhitaji spika, maana hata watoto walikuwa wamenyamaza.

"Mimi ndiye ambaye sikumkodi," akasema. "Mume wangu alikufa. Nikaambiwa nimlete au nilete muhuri. Sista, mume sikuweza kumleta. Mtoto ndiye aliyekwenda kwake. Wamezikwa pamoja, mmoja kando ya mwenzake. Niambie sasa, bado unataka barua?"

Sista Mkuu akafunika uso kwa mikono miwili. Mgeni rasmi alibaki na kikombe kimening'inia mkononi, akatazama kulia, akatazama kushoto, hakujua pa kukiweka.

Kiherehere akainuka. Akapita katikati ya viti, akakitoa kile kikombe mkononi mwa mheshimiwa bila kumwomba, akakiweka chini kwenye vumbi, akageuka kuwatazama wa kwenye tangi.

"Nani hapo hajapimwa leo?" akauliza.

Wakatazamana. Mkono mmoja ukainuka kwa hofu, kisha mwingine, kisha benchi zima.

Akaingia ndani kuchukua mashine ya presha.